Nani Aubebe Mzigo wa Marehemu?

Mwezi Oktoba 1873 msafara wa watu waliochoka uliingia Unyanyembe, pembezoni mwa Tabora, ukiwa umebeba maiti. Marehemu alikuwa David Livingstone, aliyefariki tangu tarehe 1 Mei katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Walioushika msafara ni Abdullah Susi na James Chuma. Moyo wa marehemu walikuwa wameuzika kule kule, chini ya mti. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakauviringisha kwa nguo na magome ya mti. Pamoja na mwili walibeba makasha yake: daftari, ramani, na vyombo alivyopimia nchi.

Hapo walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumpelekea Livingstone msaada. Msaada ulikutana na maiti njiani. Cameron, mwenyewe akiwa hoi kwa homa, alishauri marehemu azikwe papo hapo. Susi na Chuma walikataa, kwa kuwa walikwisha azimia kumfikisha pwani, na kutoka pwani afike kwao. Ndipo Cameron akayafungua makasha, akatwaa sehemu kubwa ya vile vyombo vya kupimia ili avitumie katika safari yake mwenyewe. Waliovibeba kutoka Chitambo hawakuridhia, lakini neno la mpagazi halikuwa na uzito mbele ya neno la afisa. Akaenda navyo Ujiji, na mwezi Novemba 1875 akatokea bahari ya Atlantiki, Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya ikweta kutoka bahari moja hadi nyingine. Huko Ujiji alizikuta karatasi nyingine za Livingstone. Hizo hakuzifanya zake, alizipeleka pwani.

Kisa hiki hakina uhusiano na riwaya, lakini ndani yake limo swali ambalo wapenzi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili hawana budi kulikabili, maana mabingwa wake wamekwisha tangulia mbele ya haki. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alifariki 1991, akamwacha Bwana Msa na kiko chake. Ben Mtobwa, mwana wa Kigoma, yaani wa ncha ya mwisho ya njia ile ile ya misafara, alifariki Novemba 2008 akamwacha Joram Kiango. Miaka miwili baadaye, 2010, alifariki Aristablus Elvis Musiba, akamwacha Willy Gamba. Waumba wamezikwa, waumbwa wangali hai. Mtu aliyesoma Kufa na Kupona akiwa kijana bado anaweza kumweleza Willy Gamba kana kwamba walisoma darasa moja.

Tuseme basi mwandishi mpya anajitokeza. Ana kipaji, anazijua riwaya za Musiba kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na anataka kumpa Willy Gamba kazi mpya. Je, ana haki? Na kama anayo, ameipata wapi?

Jibu jepesi ni la kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo kazi za Mtobwa zimo katika ulinzi mpaka mwaka 2058, na za Musiba mpaka 2060. Mwenye nia njema atabisha hodi kwa warithi kwanza. Lakini mrithi ni nani? Huko Sweden, Stieg Larsson alifariki Novemba 2004 kabla riwaya zake tatu za Millennium hazijatoka. Mwanamke aliyeishi naye zaidi ya miaka 30, Eva Gabrielsson, hakurithi kitu kwa kuwa hawakuwa wamefunga ndoa. Mali na haki zikaenda kwa baba na ndugu wa marehemu. Hao ndio walioruhusu David Lagercrantz aandike kitabu cha nne, kilichotoka 2015, huku Gabrielsson akipinga kwa sauti kubwa. Sheria ilitimizwa barabara. Hata hivyo wasomaji wengi walifungua kitabu kile kwa moyo mzito, kwa sababu aliyekaa na marehemu usiku na mchana wakati kazi ikiandikwa alikuwa amesema hapana.

Watu wa pwani wanayajua maneno mawili ambayo hayachanganywi: mirathi na amana. Mirathi hugawanywa kwa mafungu yanayojulikana, na mwenye fungu lake halaumiwi akiliuza. Amana haigawanywi wala haiuzwi. Hutunzwa mpaka ifike kwa mwenyewe. Fedha inayotokana na jina la Willy Gamba ni mirathi, wala hakuna ubaya watoto wa mwandishi wakila jasho la baba yao. Ama Willy Gamba mwenyewe, jinsi anavyopenda na kuchukia, mambo anayokubali kuyafia na yale asiyoyakubali, huyo anafanana zaidi na amana. Ugumu ni kuwa mwenyewe wa amana hii amekwisha kufa, kwa hiyo mtunzaji hana wa kumrudishia isipokuwa msomaji.

Yuko atakayeuliza kwa ukali: mwandishi mwenye kipaji ana haja gani na mtu wa kuazima? Aumbe wake. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, na ushahidi wake uko hapa hapa visiwani. Muhammed Said Abdulla alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 na kuchapishwa 1960, alikuwa amemsoma Sherlock Holmes vilivyo. Kiko kipo, jicho lisilopitwa na kitu lipo, na rafiki wa kushangaa, Najum, yupo pia. Lakini hakumwita Holmes. Alimpa jina la kwao, akamkalisha Unguja, akamfundisha kusema Kiswahili cha barazani, na tangu siku hiyo Bwana Msa hana deni London. Musiba naye alifanya vivyo hivyo: msomaji wa kwanza wa Willy Gamba alimwona James Bond kwa mbali, kisha akamsahau, kwa kuwa Gamba alikuwa na kazi ambayo Bond asingetumwa kuifanya. Hiyo ndiyo njia ya kiungwana zaidi ya kuendeleza kazi ya mwingine, na mwandishi kijana anayeiweza afuate hiyo.

Hata hivyo hoja hii haimalizi shauri. Jina lililokwisha kukaa katika vichwa vya watu lina kitu ambacho jina jipya haliwezi kukipata kwa miaka mingi: kumbukumbu ya pamoja. Anayemrudisha Willy Gamba anamrudisha pamoja na miaka ya sabini na themanini, na redio za mkulima, na Dar es Salaam iliyojaa wapigania uhuru wa nchi tano. Ni haki msomaji kuyatamani hayo, na ni haki mwandishi kumtimizia. Shaka inakuja katika namna ya kuubeba mzigo, na hapo haina budi kurudi katika njia ya Tabora.

Msafara wa Susi na Chuma ulipotoka Unyanyembe kuelekea pwani ulifika mahali paitwapo Kasekera, ukazuiwa. Wenyeji hawakukubali maiti ipite katika nchi yao. Wasafiri wakatumia hila ambayo Musiba mwenyewe angeifurahia. Walitangaza kwamba wamekubali shauri na wanarudi kuzika Unyanyembe. Usiku wakautoa mwili katika vifungo vyake, wakaupanga upya na kuufunga mfano wa robota la nguo, mzigo wa kawaida kama mingine yote. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa urefu wa mtu, wakayavika sanda. Maiti hiyo ya mabua ikabebwa kwa heshima zote kurudi magharibi, wenyeji wakitazama na kuridhika. Walipofika porini wabebaji wakaifungua, wakayatawanya mabua, wakarudi mmoja mmoja kwa siri kujiunga na wenzao. Na robota likapita Kasekera mchana kweupe, likafika Bagamoyo Februari 1874.

Katika ile mizigo miwili, uliofanana na marehemu ndio uliokuwa mtupu.

Riwaya nyingi za kuendeleza ni maiti ya mabua. Mwandishi mpya hukusanya mazoea ya shujaa: bastola ya aina ile, kinywaji kile, gari la kasi, msichana mrembo katika ukumbi wa hoteli, mkuu wa kazi anayepiga simu usiku wa manane. Huyafunga kwa urefu unaofaa na kuyavika jalada. Wenyeji wa soko hutazama, huridhika. Ian Fleming alipofariki Agosti 1964, wenye haki zake walimpa kazi Kingsley Amis, mwandishi mkubwa, ambaye alitoa kitabu kimoja cha James Bond mwaka 1968 kwa jina la kubuni, Robert Markham. Mjane wa Fleming, Ann, aliandika tahakiki kali mno hata gazeti lililomwagiza halikuthubutu kuichapa. Baadaye, kuanzia 1981, akaja John Gardner, ambaye alimaliza kazi yake akiwa ameandika riwaya za Bond nyingi kuliko Fleming mwenyewe. Hakuna anayemnyima Gardner ustadi na bidii. Lakini ni wasomaji wangapi leo wanaoweza kutaja kwa jina hata mbili kati ya riwaya hizo? Mazoea yote ya Bond yalikuwamo.

Basi ndani ya robota la Willy Gamba mna nini? Hapa mwandishi mpya anapaswa kukaa muda mrefu zaidi kuliko penye bastola. Kufa na Kupona ilitoka 1974. Nyaraka za siri za harakati za ukombozi zimeibwa, na Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Kikosi cha Kisasi, 1979, kinampeleka Kinshasa. Kitu hiki hakikuwa pambo la hadithi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na mabomu ya barua yaliwafikia watu wa kweli: Eduardo Mondlane aliuawa na bomu katika jiji hilo Februari 1969. Kijana aliyenunua kitabu cha Musiba kituoni, akakisoma katika behewa la daraja la tatu kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, alikuwa anajua kwamba vita anayoisoma inaendelea na haijulikani itakwishaje. Gamba alikuwa na ruhusa ya kuua kwa sababu serikali yake ilikuwa upande wa wanyonge, na msomaji aliamini hivyo bila kulazimishwa.

Vita hiyo ilikwisha 1994. Afrika Kusini ikapiga kura, Kamati ya Ukombozi ikafungwa mwaka huo huo. Anayemfufua Willy Gamba katika siku za leo anafufua mtumishi wa dola mwenye silaha, mwenye siri, asiyeulizwa na mahakama. Na huyo mtumishi hana tena kazi iliyomhalalisha. Atamwinda nani? Gaidi, mwizi wa madini, mla rushwa wizarani? Na kama mla rushwa ndiye anayemwandikia Gamba barua ya safari? Na je, siku ya siku, akipewa jina la mwandishi wa habari, au la kijana wa upinzani, atatii? Musiba hakulijibu swali hili kwa kuwa zama zake hazikumlazimisha. Mrithi wake atalijibu apende asipende, kwa kalamu yake lakini kwa jina la marehemu. Akimfanya Gamba atii, amemtia marehemu katika jambo ambalo hakulitia saini. Akimfanya Gamba agome, huenda pia amemtia katika jambo jingine ambalo hakulitia saini. Joram Kiango ana nafuu kidogo hapa. Yeye si mwajiriwa wa serikali. Inspekta Kombora humhitaji na humwonea mashaka kwa wakati mmoja, na Kiango huchagua kazi zake. Mwendelezaji wa Mtobwa amerithi shujaa mwenye uhuru wa kukataa.

Hatari ya kubeba jina na kubadili safari haikuanza na vitabu. Henry Stanley, aliyekaa na Livingstone katika tembe la Kwihara karibu na Tabora mwanzoni mwa 1872, aliondoka Bagamoyo tena Novemba 1874 akitangaza kwamba anakwenda kuimaliza kazi ya rafiki yake. Na kwa hakika aliimaliza. Alilizunguka ziwa Viktoria, akalizunguka Tanganyika, akaufuata mto Lualaba mpaka ukamthibitishia kuwa ndio Kongo. Kila swali la jiografia ambalo marehemu aliliacha wazi, mwendelezaji alilifunga. Kisha 1879 aliingia kazini kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kilichojengwa juu ya njia ile ni dola ya kukata watu mikono kwa ajili ya mpira. Ukimhukumu kwa ramani, mwendelezaji huyu alikuwa mwaminifu sana kwa aliyemtangulia.

Daftari nazo zina kisa chao. Horace Waller alizihariri na kuzichapisha mwaka 1874, akisaidiwa na Susi na Chuma waliopelekwa Uingereza kumweleza waliyoyaona. Uchunguzi wa Dorothy Helly, uliochapishwa 1987, ulionyesha jinsi Waller alivyopunguza hapa na kulainisha pale, ili Livingstone atoke mtakatifu kuliko alivyojiandika. Waller hakuongeza safari mpya. Alipenda tu marehemu aonekane vizuri. Warithi na wachapishaji wa Kiswahili wanaofikiria kuzitoa upya riwaya za Musiba na Mtobwa, kabla hata ya kufikiria mwendelezo, wangefanya vyema kuchapisha kama ilivyo kila sentensi ambayo leo inaona haya, hasa zile zinazowahusu wanawake. Kazi ya kurudisha vitabu vya kwanza madukani inatangulia kazi ya kuongeza vipya. Ni ajabu kumwongezea mtu maneno ilhali ya kwake hayasomeki.

Wapo waliopata njia ya katikati. John le Carré alifariki Desemba 2020, na mwaka 2024 mwanawe, anayeandika kwa jina la Nick Harkaway, alitoa riwaya yenye jasusi wa baba yake, George Smiley. Hakumsogeza mbele mpaka zama za leo. Alimweka mwaka 1963, katika mwanya uliokuwapo baina ya vitabu vya baba. Kwa Gamba mwanya upo mpana sana, baina ya 1974 na 1979, na mwingine nyuma ya hapo. Na njia ya misafara ina shehena ambayo haijafunguliwa na mwandishi yeyote wa riwaya za aina hii. Mwezi Aprili 1965 Che Guevara alishuka Dar es Salaam kwa siri, akaenda kwa barabara hadi Kigoma, akavuka ziwa kuingia Kongo. Yeye na wenzake walikuwa wamepewa majina ya tarakimu za Kiswahili. Yeye aliitwa Tatu. Mwezi Novemba alirudi akivuka ziwa hilo hilo, ameshindwa. Hebu msomaji afikirie kijana mmoja wa upelelezi, bado hajawa Willy Gamba anayejulikana, amekaa juu ya sanduku lake kwenye stesheni ya Tabora, amepewa kazi moja tu: kuhakikisha kwamba hakuna anayemwona mtu anayeitwa Tatu.

Wapenzi wa ushairi wana mfano ulio karibu zaidi kuliko hiyo yote. Katika takhmisi, mshairi huchukua mistari miwili ya mwenzake aliyetangulia, akatunga mitatu ya kwake, ubeti ukawa wa mistari mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Nasir alivyoitendea kazi inayonasibishwa na Fumo Liyongo. Mistari ya mgeni hutangulia, ya mwenyeji hufuata. Mgeni halazimiki kuficha sauti yake, lakini mistari yake yote mitatu hufuata kina cha mstari wa kwanza wa mwenyeji, na neno la mwisho katika kila ubeti hubaki kwa aliyekufa. Hakuna msikilizaji aliyewahi kudanganyika kuhusu nani kasema nini. Mshono uko wazi, na ndio unaosifiwa.

Riwaya haina beti, wala hakuna atakayemtaka mwandishi wa kusisimua achape ukurasa mmoja kwa wino mweusi na mwingine kwa mwekundu. Lakini kanuni inahamishika. Jina la mwandishi mpya lisimame juu ya jalada kwa herufi kubwa kuliko la marehemu, si kwa majivuno bali ili lawama imfikie anayestahili. Marehemu asifanywe mwandishi mwenza wa kitabu asichokiona. Na hatima ya shujaa isiguswe: mwandishi mpya asimuue Willy Gamba, asimwoze, asimgeuze msaliti, kwa kuwa mstari wa mwisho si wake. Atalalamika kwamba amefungwa mikono. Sayyid Abdalla naye alifungwa na kina.

Yuko bado mtu mmoja wa kukumbukwa katika shauri hili. Abdullah Susi, ambaye hakukubali maiti izikwe Tabora na hakuridhia vyombo vitwaliwe, aliajiriwa baadaye na Stanley, akaenda naye Kongo, akawa mmoja wa mikono iliyojenga kituo kilichoitwa Leopoldville. Alirudi Unguja, akafariki 1891.